Kitambi cha Masele

Kifungo cha koti la Masele kilikatika pale aliposimama kuwashukuru wageni, kikaruka juu ya meza na kutua kwenye pilau ya shemeji yake. Ilikuwa sherehe ya kipaimara cha binti yake, Precious. Turubai lilifungwa uwani kwao Igogo, na chini yake walikaa watu wa jumuiya, majirani, na ndugu wa mke wake waliotoka Sengerema. Maige, kaka mkubwa wa mke wake, alikiokoa kile kifungo kwenye wali kwa vidole viwili, akakiinua juu ili hata wa nyuma wakione.

"Shemeji," akasema, "mtoto anazaliwa mwezi gani?"

Watu walicheka mpaka mzee mmoja wa kanisa akapaliwa na soda. Hata mama mkwe, Mama Maige, aliyekuwa amekaa mbali upande wa wanawake kama inavyompasa mkwe, aligeuza uso pembeni na mabega yakamtikisika. Shemeji ana ruhusa ya kumtania shemeji yake, na anayekasirikia utani hana adabu, kwa hiyo Masele naye alicheka. Lakini alipotupa jicho kwa mke wake alimwona Paskazia ameziba mdomo kwa kanga, machozi ya kicheko yanamtoka.

Hapo ndipo palipomuuma. Kitambi kile alikipata wapi kama si kwa Paskazia? Mwanamke yule ana kibanda cha chakula kando ya barabara ya bandarini, na mkono wake katika mchuzi wa sato hauna mpinzani Igogo nzima. Miaka yote alikuwa akimtazama mumewe anavyojaa na kuona fahari. Mume aliyekonda ni aibu ya mke, kila mtu anajua.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, walibaki wawili wakiosha masufuria.

"Na wewe ukacheka," Masele alisema.

"Si utani tu, Baba Precious? Kifungo kimeruka kama panzi, nifanyeje?"

"Ulicheka kuliko wote."

Paskazia alimmwagia maji kidogo mkononi, kwa mapenzi. "Basi kiondoe hicho kitambi tuone kama mtu atacheka."

Alisema hivyo kwa mzaha tu, akarudi kusugua sufuria.

Jimu ya Suhaib ilikuwa kiwanja kidogo nyuma ya gereji, karibu na reli. Hakukuwa na mashine hata moja. Kulikuwa na ekseli za gari, kipande cha reli kilichokatwa sijui na nani, na makopo ya rangi yaliyojazwa sementi na kuunganishwa kwa bomba. Suhaib mwenyewe alikuwa kijana aliyewahi kupigana ndondi, mtoto wa fundi cherehani wa Kiislamu mtaa wa chini, na mwili wake ulikuwa ndio bango lake la biashara.

"Shikamoo kaka. Unataka nini hasa?"

"Marahaba. Nataka kitambi kiondoke."

"Kiondoke tu, au kiondoke na kibaki kitu?"

Masele hakuelewa. Suhaib akamkalisha juu ya tairi.

"Ukitaka kiondoke tu, kimbia. Kimbia kila asubuhi mpaka Mkuyuni na kurudi. Utakonda, lakini utakonda kama kuku wa kiangazi, shingo na miguu. Ukitaka chuma peke yake, nyanyua na ule. Utajaa, lakini misuli italala chini ya mafuta, nani ataiona? Mwili uliokatika, ule wa misuli inayoonekana, unataka vyote viwili, na kwa mpangilio. Chuma kwanza, nguvu zikiwepo. Mbio baadaye."

"Na chuma gani? Wale naona wananyanyua kidogo, mara nyingi."

"Wale wanatoka jasho wanadhani wamefanya kazi. Wewe chukua kizito, mara nane tu, pumzika, rudia. Ukiwa unapunguza kula halafu huinui kizito, mwili unakula misuli yako wenyewe. Ukiinua kizito, mwili unajua hii bado inahitajika, unaiacha, unakula mafuta."

"Na mbio?"

"Siyo ndefu. Unaona ule mlima wa mawe? Panda mbio, shuka unatembea, panda tena. Na siku ya kupumzika upumzike, kaka. Misuli haijengwi hapa. Inajengwa kitandani."

Masele aliyapenda maneno hayo kwa sababu yalikuwa na vipimo. Yeye alikuwa mpima mizani kwenye soko la dagaa, Mwaloni. Gunia lilipandishwa, alisoma, akaita kilo kwa sauti, na wafanyabiashara wakibisha aliwajibu neno moja siku zote: mizani haisemi uongo. Asubuhi, kabla magunia hayajafika, alianza kupanda yeye mwenyewe juu ya ile mizani, na makuli wakamzunguka.

"Leo umepunguza debe, baba!" walimpigia kelele.

Mwanzoni kilo ziliondoka taratibu, kama Suhaib alivyomwambia. Kisha zikaanza kuondoka kwa kasi. Kitambi kikalegea, kikaisha, na chini yake ikatokea mistari ambayo Masele hakuwahi kuiona tangu ujana wake. Mabega yakachongoka. Akanunua fulana ya kubana. Suhaib alimpiga picha akiwa kifua wazi, akaikuza na kuibandika kwenye lango la jimu, na vijana wapya wakaanza kuja wakiuliza habari za yule mzee. Mizani ilikuwa inasema kweli, kilo zilikuwa zinaondoka. Haikusema zinakwenda wapi.

Paskazia alifurahi kwa muda mfupi. Halafu akaanza kuhesabu mambo kimoyomoyo. Mume wake alikuwa anakunywa maji kama mtu aliyekula chumvi. Alikuwa akiamka usiku kwenda uani, akirudi anakunywa tena, akiamka tena.

"Mbona maji hivyo?" alimuuliza.

"Mazoezi. Mtu wa mazoezi lazima anywe."

"Na huo uchovu? Jana umelala na kijiko mkononi."

"Suhaib anasema nikichoka ninywe glukosi."

Kwa hiyo Paskazia akanunua glukosi, ile ya unga mweupe ya kwenye paketi, akawa anamkorogea mwenyewe kwenye jagi la plastiki. Alikoroga mpaka maji yakawa mazito kidogo. Masele akanywa na kushusha pumzi ya raha, na Paskazia akajisikia vizuri kwamba angalau kuna kitu cha kwake bado kinaingia kwenye mwili ule.

Ndipo sisimizi walipoanza kuja. Nyumba yao ilikuwa na wapangaji wawili, na bafu lilikuwa moja, la mabati, na sakafu ya saruji walipoogea na pia kukojoa usiku kwa wale wavivu wa kwenda chooni. Kila asubuhi Paskazia alikuta kwenye kona ile ile msururu mweusi wa sisimizi, wamejazana pale kama wamealikwa harusini. Akachota jivu la moto jikoni kwa koleo na kuwamwagia. Kesho yake walirudi.

"Fadhila!" alimwita mpangaji mwenzake. "Waambie wanao waache kuingia bafuni na pipi."

Fadhila alitoka akiwa amejitanda, uso umekunjamana. "Wanangu wana pipi gani? Lini umewaona?"

"Sisimizi hawaji bure. Kuna kitu cha sukari kinamwagwa pale."

"Basi tafuta mwagaji, dada. Kwangu usije."

Wakanuniana. Wanawake wawili waliokuwa wakiazimana chumvi hawakusalimiana tena, na kila asubuhi Paskazia alikwenda bafuni na koleo lake la jivu, akinung'unika kwa sauti ili Fadhila asikie.

Machibya alikuwa msukuma mkokoteni, mteja wa Paskazia tangu kibanda kilipokuwa bado cha maturubai. Siku moja alikuja kula mchana na sahani yake ya bati, ameikumbatia chini ya kwapa.

Paskazia aliitazama. "Hiyo ya nini?"

"Ah, mama. Nimeona tu nikupunguzie kazi ya kuosha."

"Nimekulalamikia?"

Machibya alitazama chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga, na waoga wanaumiza kuliko wabaya. "Mama Precious, mimi sisemi kitu. Watu wanasema. Mzee amekonda mno. Lisemwalo lipo."

"Anafanya tizi! Picha yake hujaiona langoni kwa Suhaib?"

"Nimeiona," Machibya alisema. "Wanasema ndiyo anajificha humo."

Paskazia alimpakulia. Mchuzi ukamwagika kwenye kidole chake cha gumba na hakuusikia moto wake. Wateja wa siku hiyo walikuwa wachache, na wa kesho yake wakapungua tena. Mtaani kuna ugonjwa mmoja tu ambao watu huuona mtu akikonda, hata sasa ambapo dawa zake zipo na walio nao wanazeeka na wajukuu wao. Hawakuutaja. Walisema tu "ule".

Alirudi nyumbani akamkuta Masele amelala mchana, mdomo wazi, midomo imekauka.

"Twende tukapime," alimwambia.

"Nini?"

"Chochote. Presha, damu, mkojo. Nimechoka, Baba Precious. Leo mtu kaja kula kwangu na sahani yake."

Masele aliketi. Uso wake ulionyesha kwamba habari hizo alikwisha kuzisikia sokoni. "Ndiyo maana siendi," alisema. "Nikionekana nimekaa kwenye lile benchi pale hospitali, Igogo nzima itakuwa imejua kabla sijafika nyumbani. Watasema si tulisema? Mimi ninayenyanyua reli, niende kupima nini?"

"Twende mbali basi. Twende hata Magu."

"Paska. Unaniamini au huniamini?"

Paskazia akasema anamwamini, na ilikuwa kweli, na hiyo kweli yake nakwambia ndiyo iliyomponza.

Maneno yakafika Sengerema. Zamani yangesubiri kivuko pale Kigongo, lakini siku hizi daraja lipo, na umbea ulikuwa wa kwanza kulipita. Jumamosi moja Maige akatokea na mama yao bila kubisha hodi ya simu.

Mama Maige alisalimiwa na mkwe wake kwa mbali, Masele akiwa ameinamisha kichwa, hawakupeana mikono. Ndivyo adabu ilivyo. Mama mkwe hali mbele ya mkwe wake, haingii chumbani kwake, wala hasemi habari za mwili wake. Bibi yule aliomba maji ya kunawa miguu, akaenda bafuni, akakaa huko muda. Alipotoka alimshika binti yake mkono.

"Paska. Baadaye nina neno na wewe. La wanawake."

"Lipi, mayu?" Paskazia alimuuliza mama yake kwa Kisukuma.

"Baadaye. Ngoja kaka yako amalize yake."

Walikaa sebuleni, mama karibu na mlango, uso ameuelekeza nje. Masele alikuwa kwenye kochi upande wa pili. Mlango wa Fadhila ng'ambo ya ua ulikuwa wazi kidogo, na nyuma yake palikuwa kimya kuliko kawaida.

"Shemeji," Maige alianza, "mimi ni mtu wa kukutania. Leo sitanii. Kule nyumbani wanatuuliza kama dada yetu tumemwacha kwenye moto."

"Moto gani?"

"Unaujua. Nenda ukapime, uende na yeye. Mkiwa wazima tutacheka. Msipokuwa wazima dawa zipo, watu wanaishi. Lakini ukikataa, dada yangu leo naondoka naye."

Yalikuwa maneno ya busara. Kama Maige angeyasema wakiwa wawili, wametembea mpaka ziwani, pengine Masele angeyameza. Lakini yalisemwa mbele ya mkwe, na mbele ya mlango wa Fadhila, na mbele ya Precious aliyesimama jikoni na trei ya chai.

"Mimi mgonjwa?" Masele alisema. Sauti yake ilipanda. "Mgonjwa yuko hivi?"

Akavua shati.

Alilivua lote, akalitupa chini, akasimama katikati ya sebule, kifua wazi, akakaza mikono. Mistari ya tumbo ilionekana mmoja mmoja. Mshipa ulisimama begani. Ulikuwa mwili ambao kijana wa miaka ishirini angeutamani, na alikuwa akitetemeka wote.

"Niambieni! Mgonjwa ana hivi?"

"Yesu wangu!" Mama Maige alijifunika kanga usoni, akajigonga ukutani akitafuta mlango. Trei ya chai ilianguka jikoni.

"Umevua mbele ya mama!" Maige alisimama. "Masele! Umemvulia mama yangu nguo!"

Masele alilitazama shati pale chini kama halijui. Alipoinama kuliokota, mkwe wake alikuwa tayari yuko barabarani, anatembea haraka na viatu mkononi. Paskazia alimkimbilia.

"Mayu, ngoja. Ulisema una neno."

Mama alisimama. Midomo ilifunguka. Aliitazama nyumba, akamtazama binti yake, na machozi ya aibu yakamjaa. "Mumeo amenivulia nguo, Paska. Nizungumze habari zake nikiwa nani?"

Bodaboda ilikuwa imesimama. Akapanda.

Maige alimtaka Masele apeleke mbuzi wa kuomba radhi, na Masele akakubali. Baada ya hapo hakuna mtu wa familia aliyeweza kutaja mwili wake tena. Kilichobaki kuzungumzwa kilikuwa mbuzi.

Paskazia alibaki na hasira, na kwa kuwa hakuweza kumkasirikia mama wala mume, aliwakasirikia walimwengu. Suhaib alipotangaza onyesho la miili Jumapili baada ya misa, pale pale jimu, Paskazia ndiye aliyezunguka kualika watu. Alimwambia Machibya. Alimwambia mwenyekiti wa jumuiya. Alisimama mbele ya mlango wa Fadhila na kusema kwa sauti kwamba anayetaka kumwona mgonjwa na aje na macho yake.

Suhaib hakuwa na raha. Siku mbili kabla alimvuta Masele kando.

"Kaka, chuma kimeshuka. Mwezi uliopita reli ulikuwa unaiinua mara nane. Leo mara tatu umeiangusha. Mwili unakatika lakini nguvu inaondoka, na mimi sijawahi kuona hivyo. Pumzika. Onyesho liache."

"Nikipumzika watasema nimelazwa."

"Waache waseme."

"Wewe hawajamjia mke wako na sahani," Masele alisema.

Suhaib angeweza kumkatalia. Kiwanja kilikuwa chake. Lakini ile picha langoni ilikuwa imemletea wanafunzi wengi kuliko mwili wake mwenyewe, na akajiambia mtu mzima anajijua. Tusimseme sana. Wengi tumewahi kujiambia hivyo.

Jumapili Masele aliamka akitapika. Alisema ni wasiwasi. Paskazia alikoroga jagi zima la glukosi, akaongeza unga mkono mmoja zaidi kwa ajili ya nguvu, akasimama karibu mpaka mumewe akalinywa lote.

"Utaweza?"

"Kwa jagi hili? Nitawabeba wao na mkokoteni wao."

Watu walijaa mpaka kwenye reli. Masele alipanda jukwaani, mbao juu ya matairi, amepakwa mafuta. Alipokaza kifua, kelele zilipigwa, za kweli, za kushangaa. Machibya alipiga makofi. Paskazia alitazama nyuso za watu, uso kwa uso, akiona wanavyobadilika, na alisikia furaha ambayo hakuisikia tangu siku ya kipaimara. Alitamani mama yake awepo, kisha akakumbuka na kuona aibu.

Sehemu ya mwisho ilikuwa kupanda mlima wa mawe mbio. Masele alianza vizuri. Katikati alipunguza mwendo, akashika jiwe, akakaa. Alikuwa akihema kwa nguvu sana, pumzi ndefu za kuvuta kutoka chini, na hazikutulia. Paskazia alipomfikia na kumwinamia, alisikia harufu mdomoni mwake, tamu na kali, harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi.

"Amekunywa," mtu alisema nyuma yake. "Kanywa pombe huyu."

"Baba Precious. Baba Precious!"

"Maji," Masele alisema. Halafu hakusema tena.

Machibya ndiye aliyemsukuma kwa mkokoteni mpaka barabarani penye gari.

Daktari wa zamu alikuwa dada mwembamba. Alimtoboa Masele kidole, akaangalia kile kimashine, akakitikisa, akamtoboa kidole kingine.

"Mama, huyu baba alikuwa anakunywa maji sana?"

"Ndiyo. Mazoezi."

"Na kukojoa? Usiku?"

"Sana. Kwa sababu ya yale maji."

"Amekonda kwa haraka?"

"Alikuwa anakata mwili," Paskazia alisema, na alisikia mwenyewe maneno yake yanavyopungua nguvu.

"Leo amekula nini? Amekunywa nini?"

"Glukosi. Jagi. Nimemkorogea mimi."

Daktari aliacha kuandika. Hakumlaumu, na Paskazia angependa alaumiwe. "Mama, mume wako ana kisukari. Hakuwahi kupima? Sukari imepanda mpaka kipimo kimeshindwa kuisoma. Ndiyo iliyokuwa inamkondesha. Ndiyo inayompa hiyo pumzi. Tumeanza dawa, tunajitahidi."

"Na ule?" Paskazia alinong'ona. "Ule ugonjwa?"

"Tumepima. Hana."

Masele alikufa kesho yake mchana, kabla Precious hajafika kutoka shuleni. Mwili ule ambao kila mtu aliupigia makofi ulikuwa mwepesi mno kitandani. Paskazia alishika tumbo lake, mahali kitambi kilipokuwa, akakuta mfupa.

Msibani watu walijaa kuliko kipaimarani. Turubai ni lile lile. Walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Waongo. Masele hakuficha kitu. Alivua shati mbele ya mama mkwe wake. Sisi ndio tuliotazama mwili wake wote tusione kitu isipokuwa tulichokuja nacho.

Habari za kisukari zilipoenea, watu walikuwa wema sana. Fadhila alipika siku zote za msiba na hakutaja neno la pipi. Suhaib alikuja na ile picha ya langoni ameikunja, akamkabidhi Precious kwa mikono miwili. Machibya alipokea sahani ya wali kutoka mikono ya Paskazia, sahani ya nyumba ile, akala akilia, na akaomba aongezwe. Paskazia akamwongeza. Nini tena angefanya?

Mama Maige alikaa naye kwenye mkeka. Mbuzi wa radhi alikuwa bado amefungwa uwani kwa Maige, hajachinjwa. Siku ya tatu, wanawake wengine walipokuwa jikoni, alisogea karibu na binti yake.

"Niliwaona wale sisimizi," alisema.

Paskazia aligeuka polepole.

"Siku ile nimekwenda kunawa miguu. Niliwaona kwenye kona. Baba yako mdogo kabla hajafa, sisimizi walikuwa hivyo hivyo pale alipokojoa. Walisema mkojo wake una sukari. Nikasema nitamwambia Paska, nikiwa na wewe peke yetu, maana mimi ni mkwe, nitasemaje habari za mkojo wa mkwe wangu? Halafu akavua shati." Mikono ya bibi ilikuwa inacheza kwenye ncha ya kanga. "Nikaona haya. Nimepanda pikipiki na neno lako mdomoni, mwanangu. Nimevuka nalo daraja. Nikasema nitampigia simu haya ikiniisha."

Paskazia alitaka kumchukia mama yake na hakuweza, maana sisimizi wale yeye aliwaona mara ngapi? Aliwaona kila siku aliyoamka. Aliwagombeza, akawasingizia watoto wa watu, akawamwagia moto. Walikuja kumwambia kila asubuhi, na kila asubuhi akawaua.

Aliinamisha kichwa kwenye bega la mama yake, na hapo ndipo alipolia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Wageni waliondoka. Turubai likakunjwa. Asubuhi iliyofuata Paskazia aliamka kabla ya Precious, akawasha moto, na mikono yake ikafanya ilichozoea: ikachota jivu la moto kwa koleo. Alivuka ua, akasukuma bati la bafu.

Kwenye kona hapakuwa na kitu. Sakafu ilikuwa safi na kavu, hakuna hata sisimizi mmoja. Alisimama pale na jivu lake mkononi mpaka likapoa.